Meza za wakfu: shajara ya kupanga ofisi ya kuprogramu wawili wawili

Jumatatu, kabla ya kununua chochote

Chumba chetu kiko ghorofa ya pili, nyuma ya Barabara ya Nkrumah, madirisha mawili makubwa upande wa kusini na moja dogo linalotazama uchochoroni. Tuko sita. Kazi yetu ni programu za mawakala wa forodha: kontena imeshuka lini, siku zisizolipiwa zimebaki ngapi, ushuru umelipwa au bado, lori gani litakuja kuibeba.

Meza tulizozikuta ni za mpangaji aliyetutangulia, zile za pembe. Mtu anakaa ndani ya kona, droo kushoto, droo kulia, na mbele ubao umeshuka hadi chini kuficha miguu. Kwa mtu mmoja si mbaya. Kwa wawili ni balaa. Mwenye meza anakaa konani, skrini inamtazama yeye. Mwenzake anavuta kiti ubavuni, magoti yanagonga droo, shingo imepinda, anasoma msimbo kwa upande. Baada ya muda anasema "haya, nimeelewa, endelea tu", anarudi kwake. Hajaelewa. Shingo imemshinda.

Kilichotusukuma ni harusi. Mwenzetu aliyejenga sehemu ya ankara peke yake, mwanzo hadi mwisho, alikwenda Lamu kuoa, na harusi za huko mnazijua, hakuna aliyetarajia arudi upesi. Katikati ya shughuli wakala mmoja akataka ankara zake zitoke kwa dola na kwa shilingi kwa pamoja. Tukafungua msimbo, tukautazama, nao ukatutazama. Nani angempigia simu bwana harusi? Wakala akangoja hadi fungate likaisha.

Alipotoka huko ndipo tulipokubaliana: kazi zote nzito zifanywe na wawili, kompyuta moja, wote macho kwenye msimbo mmoja. Mmoja ameshika usukani, yaani anaandika, na mwingine ni rubani, anatazama mbele, anauliza, anakumbusha. Jambo lenyewe si geni. Kent Beck na wenzake walilifanya kanuni katika mradi wa mishahara wa Chrysler kule Marekani miaka ya 1990, na kutoka hapo likaenea pamoja na desturi nyingine zilizopewa jina la Extreme Programming.

Mkuu wetu hakukataa, ila aliuliza swali la kila mwenye kulipa mishahara: watu wawili kwa kompyuta moja, mimi napata nini? Akaongeza na mafahali wawili hawakai zizi moja. Nilimjibu kwa jaribio la Chuo Kikuu cha Utah ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2000. Wanafunzi waligawanywa, baadhi wakaandika programu peke yao na wengine kwa jozi. Jozi zilitumia saa za kazi zaidi kwa kama asilimia 15 tu, wala si mara mbili, na programu zao zikatoka na kasoro pungufu kwa kadiri hiyohiyo. Hao walikuwa wanafunzi, hawakuwa na wakala wa kuwapigia simu kila baada ya dakika kumi. Lakini mkuu alipolisikia hilo la "si mara mbili" alitulia, akatia saini fedha za meza.

Jumatano: futi mkononi

Leo tumekalia meza ya mkutano wawili wawili na kupima, badala ya kubishana. Wembamba na wanene, warefu na wafupi, kila jozi imeandika mfano wa msimbo kwa muda, kisha tukapima viwiko vilipo.

Upana wa sentimita 160 hautoshi: mausi ya huyu inakutana na kiwiko cha yule. Sentimita 180 zinatosha na nafasi ya daftari katikati inabaki. Kina 80, ili skrini ikae umbali wa mkono ulionyooshwa. Kimo 72. Ukingo wa mbele uwe umenyooka tu. Nalisema hili kwa sababu dukani walituonyesha meza ya kisasa yenye tumbo lililochongwa kuingia ndani, eti inapendeza. Tumbo lile ni la mtu mmoja. Wa pili anabaki kwenye bega la meza.

Miguu iwe pembeni kabisa, katikati pasiwe na kitu, ili viti viteleze huku na kule bila kugonga popote. Mtu akitaka kubadilishana upande na mwenzake asiinuke hata kidogo.

Jumamosi: kwa fundi, Majengo

Fundi wetu ni mtu wa randa na maneno. Tumemkuta kwenye vumbi la mbao, redio inaimba, nikampa karatasi ya vipimo. Akaisoma mara moja tu.

"Droo ngapi?"

"Hakuna droo, fundi."

"Moja basi, ya kati. Mtu ataweka wapi kalamu zake?"

"Asiweke."

Akanitazama kwa huruma. "Kwani meza yenyewe ni ya nani?"

"Si ya mtu. Leo atakaa huyu, kesho atakaa mwingine."

"Ah! Hiyo ni wakfu. Ungesema hivyo tangu mwanzo, shekhe."

Jina limeganda papo hapo, na tangu leo ofisini hakuna anayesema "meza ya jozi". Ni wakfu wa kwanza, wakfu wa pili, wakfu wa tatu.

Suala la droo nalishikilia kuliko vipimo vyote. Droo ikiwepo, mtu atatia chaja, kisha dawa ya kichwa, kisha kitana, na kufika mwisho wa mwezi meza ina mwenyewe. Na ikishakuwa na mwenyewe, anayekaa upande wa pili ni mgeni, na kwetu mgeni hashikishiki vitu vya mwenyeji bila kuambiwa. Atakaa kwa adabu, atatikisa kichwa, atasema "sawa". Hapo jozi imekufa, mmebaki na mwandishi mmoja na shahidi mmoja. Vitu vya watu vitakwenda kwenye kabati la visanduku karibu na mlango, kila mtu na ufunguo wake.

Kwa mbao fundi alituzuia tusinunue chipubodi, na alikuwa na haki. Hewa ya Mombasa ina maji na ina chumvi. Chipubodi ikipata unyevu kwenye ukingo inavimba, kisha inameguka. Tumechukua blokibodi ya milimita 18, juu fomeka, ukingoni mbao ngumu iliyoviringwa kwa msasa ili isikate mikono. Pia alisema urefu wa sentimita 180 bila kitu chini utapinda katikati, hasa zikikaa skrini mbili. Ataweka ubao wa kushikilia, lakini nyuma upande wa ukuta, mbali na magoti. Hilo halikuwemo kwenye karatasi yangu.

Wiki iliyofuata: vifaa

Ubishi wa wiki ulikuwa laptopu. Wengine walitaka kila mtu aje na yake, aichomeke kwenye skrini kubwa, jozi ianze. Nimepinga. Laptopu ni mali ya mtu hata kama aliyeinunua ni kampuni. Ina nywila yake, ina picha zake, ina WhatsApp inayofungua ujumbe wa mkewe katikati ya kazi huku mwenzake akijitia kutazama dari. Yote tuliyoyakimbia kwenye droo yangerudi.

Kwa hiyo kila wakfu una kompyuta yake ya mezani, isiyo ya mtu. Imekaa juu ya kibao chini ya meza, si sakafuni, kwa sababu anayepiga deki asubuhi humwaga maji bila kuuliza. Juu kuna skrini mbili za inchi 24 zinazoonyesha kitu kimoja, kibodi mbili, mausi mbili. Kompyuta haihitaji programu yoyote ya ziada kupokea kibodi mbili: unazichomeka zote kwenye USB, na anayebonyeza anaandika.

Kuhusu skrini moja kubwa ya katikati: inavutia, lakini wote wawili wanageuza shingo siku nzima, huyu kulia, yule kushoto. Skrini mbili zenye picha moja, kila mtu anatazama mbele. Sharti ni kwamba zote ziwe na idadi moja ya nukta. Tuliazima moja ya zamani ili kujaribu, na ikabidi ile mpya ishuke hadhi, herufi zikawa na ukungu. Sasa zote ni za 1920 kwa 1080.

Kibodi nazo zina jambo lake. Madukani hapa mjini utakuta za mpangilio wa Uingereza na za mpangilio wa Marekani kwenye rafu moja, na mwuzaji hajali. Alama ya @ na alama ya kunukuu zimebadilishana nafasi. Ukiwa peke yako unazoea. Mkiwa wawili, na kila mmoja ana mpangilio wake kwenye kompyuta moja, mtatukanana. Tumenunua zote za namna moja, tukairudisha moja iliyojipenyeza.

Ndani ya kompyuta mambo ni haya. Akaunti ni moja, jina lake, naam, wakfu. Mipangilio ya Visual Studio Code, programu tunayoandikia msimbo, imo ndani ya hazina ya msimbo, pamoja na faili ya EditorConfig inayoamua nafasi na mistari, ili mtu asianze asubuhi yake kwa kubadilisha rangi. Mwenzetu mmoja ni muumini wa Vim, kihariri cha zamani kinachoendeshwa kwa vitufe tu, na hawezi kuandika barua kwa mamake bila kubonyeza Esc. Kwake tumeweka kitufe kimoja kinachowasha namna ya Vim na kuizima, na masharti ni kuizima anapomwachia mwenzake.

Akaunti ya pamoja inaleta swali la nani kafanya nini. Kwenye Git, inayotunza historia ya msimbo, tunamalizia kila badiliko kwa mstari wa Co-authored-by wenye jina la mwenzi, na tangu 2018 GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo, huonyesha waandishi wote wawili. Funguo za SSH, zinazomruhusu mtu kuingia kwenye seva, haziachwi kwenye kompyuta ya wakfu. Mtu anakuja na yake kwenye kijiti cha USB, anaipakia kwa `ssh-add -t 4h`, na baada ya saa nne kompyuta inaisahau yenyewe. Hili mkuu alilipenda kuliko yote, kwa kuwa ndilo pekee lililokuwa la bure.

Umeme na mtandao, kwa ufupi

Soketi zimewekwa ukutani kwenye kimo cha meza, si chini, na waya zinapita kwenye mfereji wa plastiki nyuma. Betri ya akiba ni moja kwa kila wakfu. Inabeba kompyuta na skrini moja tu. Umeme ukikatika skrini ya pili inazimika, wawili wanasogeana, wanahifadhi kazi, wanatoka kunywa kahawa. Kujaribu kubeba kila kitu kwa betri ni kuchoma pesa.

Mtandao ndio kichekesho cha mji huu. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilitua hapahapa Mombasa mwaka 2009, EASSy ikafuata 2010. Nchi nzima hadi mipakani inakunywa kutoka ufuo wetu. Lakini waya wa mtaani ulioning'inia kati ya nguzo na dirisha letu ukiguswa na lori refu, sisi tulio karibu kabisa na nyaya za baharini tunabaki kutazamana. Kwa hiyo majaribio yote ya programu yanaendeshwa ndani ya kompyuta ya wakfu yenyewe, hayategemei nje.

Mmoja wetu anakaa Likoni. Siku ambazo kivuko kimefurika anaanza kazi nyumbani: tunafungua kikao cha Live Share, ambamo wawili walio mbalimbali huhariri msimbo mmoja, au, mtandao ukiwa mwembamba, tmux (dirisha la maandishi la pamoja) kupitia SSH, ambayo hupeleka herufi tu na haina njaa ya data. Inafaa. Lakini sauti ikichelewa hata kidogo watu wawili huanza kusema kwa pamoja, wananyamaza kwa pamoja, kisha "samahani, sema wewe". Nusu siku ya hivyo inachosha kuliko siku nzima ya ana kwa ana.

Joto, upepo, makelele

Wakfu wa kwanza na wa pili vimefika. Tumevipanga skrini zikiwa ubavu kwa dirisha, si mgongo wala uso, kwa sababu jua la hapa likipiga kioo huoni hata mshale.

Tulikuwa na feni za kusimama. Feni ya kusimama ina mpenzi mmoja: inampuliza aliye karibu, na wa pili anachuruzika jasho akijitahidi kufikiria kanuni za ushuru. Ukiweka igeuke huku na huku, karatasi zinaruka. Tumezitoa, tukafunga feni za darini, moja juu ya kila wakfu, katikati hasa. Kiyoyozi kipo, tunakiwasha miezi ya kaskazi mchana tu. Kusi ikianza, madirisha ya kusini yanatosha na zaidi.

Tukifungua madirisha, tuktuk zinaingia masikioni. Tukifunga, sauti zetu wenyewe zinagonga saruji na vigae na kurudi. Na jozi lazima ziseme, ofisi ya jozi iliyo kimya haifanyi kazi. Tumevipa wakfu umbali wa mita mbili hivi na kuvielekeza kwenye kuta tofauti, ili sauti ya kila jozi iende ukutani na isimwendee mwenziwe mgongoni. Ukutani tumebandika fremu za mbao zilizojazwa sponji za godoro, zikafunikwa kanga kutoka Barabara ya Biashara. Aliyetumwa kununua alikuwa na uhuru wa kuchagua, akarudi na doti zilizoandikwa "Wawili wakipendana adui hana nafasi". Mkuu alipoisoma alicheka hadi akakaa.

Mwangwi umepungua kwa kweli. Tuktuk hazikupungua.

Jozi ya kwanza kwenye wakfu wa kwanza

Ami ndiye mkubwa wetu kwa umri. Alikuwa karani bandarini Kilindini, akihesabu kontena kwa kalamu na karatasi kabla ya kujifunza kuprogramu, na mpaka leo akiwa ndani ya matatu husoma nambari za kontena za malori yanayopita na kukwambia ni za kampuni gani. Binti ni mwanagenzi wetu, katoka chuo juzi, vidole vina kasi kutushinda sote. Tuliwaweka pamoja makusudi.

Kazi ilikuwa kukagua nambari ya kontena pale mtu anapoiandika. Kwa ISO 6346, kanuni ya kimataifa ya nambari za kontena, kila kontena ina herufi 4 na tarakimu 7. Tarakimu ya mwisho ni ya ukaguzi na inatokana na alama kumi zilizotangulia: kila herufi ina thamani yake, kila nafasi inazidishwa kwa 1, 2, 4, 8, hivyohivyo hadi 512, vyote vinajumlishwa, jumla inagawanywa kwa 11, na kinachobaki ndicho tarakimu ya mwisho. Mtu akikosea tarakimu moja, karibu kila mara hesabu inakataa. Na kwa wakala, tarakimu moja iliyokosewa maana yake ni lori linalosubiri kontena ya watu wengine.

Nilikaa nyuma yao nikijifanya nasoma. Ami akaanza kuandika. Kibodi ya pili ilikuwa mbele ya Binti, imechomekwa, inafanya kazi, na mikono yake ilikuwa mapajani. Ami anauliza, "Umeona, mwanangu?" Binti anajibu, "Nimeona, Ami." Meza haina mwenyewe, kompyuta haina mwenyewe, skrini mbili zimewaelekea sawasawa, na bado mmoja anaandika na mwingine anatikisa kichwa. Umri ulikuwa umekaa nao kwenye kiti cha tatu.

Kumwambia Binti "shika kibodi, usiogope" kusingefaa. Hakuwa na woga, alikuwa na adabu, na adabu sina haja ya kuiondoa ofisini. Nikaja na sharti linalowafunga wote: anayeandika jaribio si yeye anayeandika jibu. Mmoja anaandika jaribio linaloshindwa, mwingine anaandika msimbo wa kulifanya lipite, kisha huyohuyo anaandika jaribio linalofuata, na mpira unarudi. Hapo Binti hamnyang'anyi Ami kitu. Ni zamu yake.

Binti akaandika jaribio: CSQU305438, jibu liwe 3. Ami akaandika msimbo, A ikawa 10, B ikawa 11, C ikawa 12, akashuka hivyo hadi Z. Wakaendesha. Kompyuta ikatoa 7.

"Ami, samahani. B tumeipa ngapi?"

"Kumi na moja. Baada ya kumi huja nini, mwanangu?"

"Hapa huja kumi na mbili, Ami. Kumi na moja huruka. Na ishirini na mbili, na thalathini na tatu."

Ami akavua miwani. "Zimerukwa na nani?"

"Na kanuni yenyewe. Hizo ukizigawanya kwa kumi na moja hazibakishi kitu."

Ami akahesabu kwa midomo, pole pole. C ni 13, S ni 30, Q ni 28, U ni 32. Jumla 6185. Baki 3.

"Nambari hizi nimekula nazo ugali miaka yote ile," akasema. "Haya andika, usiningoje mimi."

Na Binti akaandika palepale, kwenye kibodi iliyokuwa mbele yake. Ami hakuinuka, hakusogeza kiti, hakukabidhi kitu. Ile safu ya thamani ikarekebishwa huku miwani ya Ami ikiwa bado mkononi. Kijani: jaribio limepita.

Zamu ikamgeukia Ami, na hapo ndipo alipolipa deni na riba. Jaribio lake la kwanza: ikibaki 10 je? Nafasi ni ya tarakimu moja. Binti akajibu kwa kuifanya 0. Jaribio la pili halimo kwenye kanuni yoyote: Ami akaandika nambari ambayo sifuri yake moja ni herufi O, na nyingine ambayo moja yake ni herufi I. "Makarani wote huandika hivi," akamwambia. "Usimkatae, mwulize: ulikusudia sifuri?" Binti hakuwa amewahi kumwona karani akiandika nambari juani, mgongo kwenye lori, karatasi juu ya goti. Sasa programu yetu inauliza.

Zamu na saa

Wapo wanaobadilisha usukani kila dakika 25 kwa saa ya Pomodoro. Tulijaribu, kengele ikalia mtu akiwa katikati ya fikra, tukaizima. Kubadilishana kwa majaribio kunatosha. Wawili wenyewe tunawabadilisha baada ya swala ya adhuhuri. Adhana ikisikika watu wanainuka hata hivyo, wengine msikitini, wengine kutafuta wali, na wakirudi mmoja anabaki kwenye wakfu na kazi yake, mwingine anahamia. Hivyo kila kazi ina angalau mtu mmoja aliyeiona asubuhi. Ijumaa mchana hakuna jozi, kila mtu anafanya yake.

Malalamiko yaliyopokelewa

Mabuyu. Kuna mtu (hatumtaji, vidole vinamtaja) aliyeacha kibodi ya wakfu wa pili nyekundu kutoka herufi A hadi L. Rangi ya mabuyu haitoki kwa maji wala kwa spiriti. Sasa mabuyu, achari na viazi karai huliwa barazani, na kuna beseni na sabuni kabla ya kurudi.

Harufu. Limesemwa kwa heshima na nalirudia kwa heshima: saa tatu bega kwa bega katika joto la Mombasa si mchezo. Tumeweka fulana za akiba kwenye kabati. Upande wa pili, yupo anayejifukiza udi mpaka mwenzake anapiga chafya. Naye ameambiwa.

Upweke. Mwenzetu wa Vim amesema wazi kwamba jozi ya siku nzima inammaliza, anatoka ofisini hana neno la kumwambia mtu nyumbani. Namsadiki. Chini ya dirisha dogo la uchochoroni tumeweka meza mbili ndogo za mtu mmoja, zinazotazama ukuta, kwa kusoma, kupiga simu na kazi nyepesi. Tumeambizana kwamba kwenda pale si utoro. Meza mojawapo ni nusu ya ile ya pembe ya zamani, fundi ameikata kwa msumeno. Tulimwambia aondoe na droo yake. Akatucheka.

Hali ilivyo leo

Wakfu wa tatu umeletwa asubuhi kwa mkokoteni, fomeka ina mkwaruzo upande wa kushoto, fundi kapunguza bei na sisi hatukubishana. Feni yake ya darini inafungwa Jumanne. Meza za pembe zilizobaki zimenunuliwa na jirani wa ghorofa ya chini, anayefanya kazi peke yake na anazipenda.

Sehemu ya ankara imeanza kuandikwa upya kwenye wakfu wa pili na bwana harusi pamoja na Binti. Kiti kimoja bado kinalia kila mtu anapoegemea. Kinakwenda kwa fundi wa vyuma Mwembe Tayari kesho, pamoja na ile kibodi nyekundu, endapo yuko mtu sokoni anayeuza vifuniko vya herufi tupu.